Ukuta wako ziwani unachukua ufukwe wa jirani

Tangu Ziwa Tanganyika lipande miaka ya karibuni, malalamiko ya ujenzi ufukweni hapa Kigoma yameongezeka. Mwenye kiwanja anamwaga kifusi, anajenga ukuta wa mawe, na jirani anakuja ofisini kulalamika. Nia ya kulinda nyumba tunaielewa.

Hoja tunayoletewa kila mara ni kwamba hapa si Dar es Salaam, ziwa halijai na kupwa, kwa hiyo ukuta hauna madhara. Jamani, maji haya hayahitaji mwezi kuyasukuma. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma kuelekea kaskazini, na mawimbi yanayopiga ufukwe kwa mshazari hubeba mchanga ambao mito kama Luiche imeuleta. Mchanga ulio mbele yako leo ni wa kupita. Ukitokeza ukuta au gati la kifusi majini, mchanga unarundikana upande mmoja. Upande wa pili ufukwe unalika, mizizi ya michikichi inabaki nje, na palipoanikwa dagaa panabaki mawe matupu. Ukuta wenyewe hausalimiki, kwani wimbi likigonga hurudi likichimba chini ya msingi. Tope la kifusi nalo hufunika miamba wanakozaliana samaki wasiopatikana kwingine duniani.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hati ya kiwanja haiondoi katazo hilo, wala kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kwa mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, mwombaji husajili mradi, humtumia mtaalamu aliyesajiliwa, wananchi husikilizwa, ripoti hupitiwa, ndipo cheti hutolewa. Kuanza kujenga maombi yakiwa bado mezani ni kosa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na amri ya kurejesha mazingira inaweza kukutaka ubomoe kwa gharama zako. Neno la fundi si kibali.

Matete yaliyo mbele ya kiwanja yaacheni. Yanavunja nguvu ya mawimbi. Aliyekwisha kujenga asiongeze hata jiwe moja. Afike kwa ofisa mazingira wa halmashauri na nyaraka zake, ili ufukwe ukaguliwe pande zote mbili za ukuta, jirani akiwepo.