Bado Anatoka Jasho: Maswali Kuhusu Joto, Ngozi na Kazi Nzito

Kwa nini gunia lile lile huwa zito zaidi mchana?

Misuli inayofanya kazi huzalisha joto, nayo damu hulibeba hadi kwenye ngozi, ambayo mtu akitulia huwa na nyuzi 33 hivi, ilhali ndani ya mwili ni 37. Ngozi ikipata joto, damu nyingi hukimbilia huko, moyo hupiga haraka zaidi, na kazi huhisiwa kuwa nzito. Mpakiaji wa Arua, Uganda, anayelegea kwenye joto la mwezi Februari hajawa mvivu.

Hisia hiyo hupimwaje?

Msweden Gunnar Borg alitunga kipimo cha 6 hadi 20, ambapo 6 ni kupumzika na 20 ni mwisho wa nguvu. Mzigo ule ule ukikupandisha kutoka 13 hadi 17, nenda kivulini.

Nikijimwagia maji ngozi ikapoa, si nimeshakuwa salama?

Hapana. Ngozi hupoa upesi, lakini joto la ndani hubaki, na ahueni ile hukudanganya uongeze kasi. Jimwagie, ila upumzike.

Mgonjwa bado anatoka jasho. Inawezekanaje awe na kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto hadi akili ikavurugika?

Inawezekana kabisa, na kwa swali hili tunapoteza watu. Aliyezidiwa na joto akiwa kazini mara nyingi hulowa jasho. Kijana mmoja aliletwa kwetu shati likichuruzika, na tulipomwuliza jina lake akataja la mjomba wake. Wenzake walikuwa wamemlaza chini ya mwembe saa nzima wakisubiri jasho likauke. Msisubiri jasho likauke. Tazameni akili: anayeyumba, anayesema ovyo au anayezimia baada ya kazi ya juani yuko hatarini, awe mkavu au amelowa, kwani huenda joto la ndani limepita nyuzi 40.

Tumpeleke kwanza au tumpoze?

Mpozeni papo hapo, huku mwingine akitafuta gari. Mvueni nguo, mzamisheni hadi shingoni kwenye maji baridi mkimshikilia kichwa, au mmwagieni jerikani baada ya jerikani mkimpepea. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe chochote, hata soda, kwa maana kinaweza kuingia mapafuni.

Na sindano ya malaria ya duka la dawa?

Tafadhali, acheni. Si kila mwili wa moto ni malaria. Hata dawa za kushusha homa hazilishushi joto hili, na dakika mnazozitumia mkipanga foleni dukani ndizo alizozihitaji majini.