Kugongana Kidogo, Hasara Kubwa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika foleni ya asubuhi kati ya Igoma na Buzuruga, jijini Mwanza, gari dogo likigusa tu lori lililo mbele yake huondoka na bampa lililopasuka, na hapo hapo husikika kauli kwamba magari ya siku hizi ni makaratasi. Msemaji hakosei kuhusu gharama, bali kuhusu sababu. Bampa tunaloliona ni ganda la plastiki. Nyuma yake kuna boriti, kisha sehemu ya bodi iliyoundwa makusudi ijikunje, ili nguvu ya mgongano iishie kwenye bati kabla ya kuwafikia watu. Wazo hilo la mhandisi Béla Barényi lilitumika katika magari ya Mercedes-Benz tangu mwaka 1959. Gari la zamani lililobaki zima liliipeleka nguvu hiyo kifuani mwa dereva. Hata hivyo, hasara ipo: katika magari mapya yenye rada (kifaa kinachopima umbali wa vilivyo karibu na gari) nyuma ya ganda hilo, mkwaruzo ambao zamani ulimalizwa kwa puti na rangi sasa hudai rada ipimwe upya.

Wapo pia wanaolalamika kwamba eabegi, yaani mfuko wa hewa unaomkinga mtu wakati wa ajali, "ilikataa" kufunguka. Kwa kawaida eabegi za mbele hufunguka pale kishindo kinapolingana na kugonga ukuta mgumu kwa mwendo wa kilomita 13 hadi 23 kwa saa, au zaidi. Ukigongwa kwa nyuma hazina kazi. Tena ni heri zisifunguke ovyo, kwa sababu eabegi si mto: hujaa gesi kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na inaweza kuchubua uso na kuunguza mikono. Ndiyo maana dereva hushauriwa kukaa sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani, na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba eabegi iliyofunguka hukunjwa ikarudishwa. Kifaa kinachozalisha gesi huwaka mara moja tu, na kadhalika kile kinachoukaza mkanda wakati wa ajali. Kubadilisha eabegi, mikanda, dashibodi na kompyuta inayoendesha eabegi kunaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe, hasa hivi vigari vyetu vilivyotumika Japani, na mwenye bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, halipwi chochote kwa gari lake. Hapo ndipo huanzia njia ya mkato: kuficha kwamba eabegi haifanyi kazi tena.

Nilipomsindikiza shemeji yangu kutazama gari la kununua huko Nyakato, nilimwomba muuzaji afungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi, ile yenye umbo la mtu aliyekaa na duara mbele yake, hupaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Haikuwaka kabisa. "Si mnaona, halina tatizo," alisema. Taa isiyowaka maana yake ni kwamba huenda taa yenyewe imeng'olewa ili isitoe onyo. Na hata ikiwaka na kuzima vizuri, fundi anaweza kuwa ameihadaa kompyuta kwa rezista, kipande kidogo cha umeme cha bei ndogo, ili idhani eabegi bado ipo. Shemeji akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko cha usukani, kikakutana na gundi iliyokauka.