Nyoka Hakuwamo Chupani

Katika kazi yangu ya kutafsiri, nahau inayonisumbua kuliko nyingi ni ile ambayo Wamarekani humpachika mwuzaji laghai: "muuza mafuta ya nyoka". Ukiifasiri neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili atamwona mganga aliyetandaza vichupa vyake pembeni mwa gulio, pengine hata atamuulizia bei, na kejeli yote itakuwa imekwisha kupotea.

Mafuta yenyewe hayakuanza kama utapeli. Wachina walichulia viungo vinavyouma mafuta ya nyoka wa majini, na simulizi inayorudiwa zaidi husema kwamba yalifika Marekani pamoja na vibarua wa Kichina waliojenga reli ya kuvuka bara katika miaka ya 1860. Aliyeyaharibia jina ni Clark Stanley, aliyejiita mfalme wa nyoka wenye njuga mkiani. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, alimtoa nyoka hai mbele ya umati, akampasua, akamtosa kwenye maji yanayochemka, kisha akaengua mafuta yaliyoelea juu. Ilipokuja sheria ya vyakula na dawa ya 1906, serikali ilikamata shehena yake, na wapimaji wakakuta mafuta yatokanayo na petroli, shahamu kidogo iliyodhaniwa kuwa ya ng'ombe, na pilipili. Nadhani pilipili ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa kuwa ngozi ikipata moto mgonjwa huamini kwamba dawa imeingia. Mwaka 1916 Stanley alitozwa faini ya dola 20, yaani bei ya chupa 40 tu, kwani kila moja aliiuza senti 50.

Wenzangu wengi hukimbilia "tapeli", neno sahihi lakini pana mno, kwa sababu tapeli anaweza kukuibia kwa simu bila kukuuzia chochote. Wengine hupendekeza "kuuziwa mbuzi kwenye gunia", nami hapo hukataa kabisa: mnunuzi wa gunia hakumwona mbuzi, ilhali mteja wa Stanley alimwona nyoka kwa macho yake, na huko kuona ndiko kulikomponza. Kwa hiyo, habari inapohusu tiba, mimi huandika "mchuuzi wa dawa za uongo". Inapohusu siasa, huandika "kanjanja mwenye maneno matamu", ingawa nyoka wangu huwa ameniponyoka.