Mmea wa majini husafiri salama ukilelewa hewani

Anayetaka kuuza mimea ya matangi ya samaki kwa vifurushi huanza kuniuliza habari za boksi: la aina gani, mfuko upi, maji kiasi gani. Namrudisha kitaluni kwanza. Mmea uliolelewa vibaya hauokolewi na boksi lolote, na ulioandaliwa vizuri huvumilia hata ufungaji wa ovyo ovyo.

Mingi ya mimea hii si ya majini mwaka mzima. Anubias, Cryptocoryne na Echinodorus huota kandokando ya mito na kwenye vinamasi. Maji yakijaa huzama, yakipungua hubaki hewani. Kwa hiyo naikuza kwenye trei zenye udongo uliolowa, nikiifunika kwa plastiki ili unyevu usitoroke. Jani lililoota hewani lina utando wa nta na nyama ngumu. Lililoota ndani ya maji ni jembamba, halina ulinzi huo, tena husimama kwa kubebwa na maji. Litoe kwenye upepo uone linavyonyauka mara moja. Isitoshe, kaboni daioksaidi husambaa polepole sana majini, kama mara 10,000 kuliko hewani, ndiyo maana mimea ya trei hukua haraka zaidi. Mwani nao haupati nafasi.

Ila kuna deni linalolipwa baadaye. Majani ya hewani yakizamishwa, mengi hufa, na mmea huchipua mengine ya majini. Cryptocoryne ndiyo inayoongoza kwa hili: huweza kuyeyuka yote ukabaki na mizizi mitupu, kisha ikaota upya baada ya wiki kadhaa. Mteja aambiwe kabla hajalipa, kwa maandishi, na asisitiziwe asing'oe mizizi. Muuzaji anayenyamaza hapa anajitafutia ugomvi.

Kwa anayeanza, ningechagua Anubias na Microsorum pteropus. Zote zina rizomu (shina linalotambaa) nene inayohifadhi akiba, na hufungwa kwenye jiwe au gogo (rizomu ikifukiwa huoza). Anubias ni mvivu, jani moja huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usiuze mimea mama kwa tamaa ya oda za mwanzo. Microsorum huzaa vichipukizi juu ya majani yake yenyewe, nawe unasubiri tu viote mizizi. Cabomba ni nzuri machoni, lakini hukatikakatika njiani na kufika kama sindano zilizomwagika. Hiyo namuuzia anayekuja kuichukua mwenyewe. Na si kila mahali inaruhusiwa: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku spishi ya Cabomba caroliniana mwaka 2016, pamoja na gugu maji. Soma sheria za unakotuma. Mpaka wa nchi ukivukwa, mara nyingi hudaiwa cheti cha afya ya mimea.

Usipulizie trei dawa ya wadudu, hata kidogo. Wateja wengi hufuga kamba wadogo, nao hufa kwa mabaki ambayo samaki asingeyahisi. Mayai ya konokono, yale mafungu ya ute chini ya majani, nayatafuta kwa macho na kuyafuta kwa vidole. Mimea niliyonunua kwingine hukaa karantini kwenye ndoo yake kabla haijagusa trei zangu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Usiweke maji kwenye mfuko: yanayumbayumba, yanachubua majani, yanaongeza uzito na yakivuja yanafuta anwani. Mizizi izungushiwe karatasi iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa, mfuko ufungwe ukiwa na hewa kidogo, boksi lijazwe mapengo ili kitu kisicheze. Natuma mwanzoni mwa wiki, kifurushi kisije kikalala ghalani wikiendi. Joto la gari lililofungwa juani linanitia hofu kuliko siku moja ya ziada njiani. Baridi kali nayo huua mimea hii ya tropiki, hivyo hali ya hewa ikiwa mbaya naahirisha.

Malalamiko nayapokea yakiwa na picha iliyopigwa siku boksi lilipofunguliwa. Jani la njano silifidii. Rizomu ikibonyea kama ndizi iliyooza na kunuka, natuma nyingine bila kubishana, na nauli ni juu yangu.