Kwa nini mgonjwa wa figo tunampima mishipa ya damu

Mzee mmoja kutoka Chamwino alifika kliniki yetu ya figo hapa Dodoma na karatasi ya rufaa mkononi. Muuguzi alipomwomba avue viatu, akaanza kumgusa juu ya unyayo akitafuta mapigo, mzee akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, mimi nimeambiwa figo. Huko miguuni unatafuta nini?"

Swali hilo tunaulizwa karibu kila siku ya kliniki, kwa maneno tofauti. Mwingine anashangaa kupelekwa kipimo cha moyo, mwingine anashangaa kupewa dawa ya mafuta ya damu wakati yeye si mnene. Jibu lake ndilo jambo ambalo ningependa kila familia ya Dodoma ilifahamu: watu wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawafi kwa sababu figo zimesimama. Hufa kwa moyo au kiharusi, tena wengi wao kabla hata ya kufikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na figo yenyewe. Watu huiwaza kama kichujio kilichofungwa mwishoni mwa bomba. Kwa kweli figo imeundwa kwa mishipa ya damu. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko unywele. Figo zote mbili hazifikii hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini katika kila lita tano ambazo moyo unasukuma kwa dakika, lita moja hivi hupita humo. Kwa siku huchujwa lita zipatazo 180 za majimaji, karibu zote hurudishwa kwenye damu, nasi tunakojoa lita moja au mbili tu. Kwa hiyo kinachoumiza mishipa ya damu, yaani presha ya kupanda, sukari na sigara, hakiwezi kuiacha figo salama. Na figo ikishaumia, nayo huigeukia mishipa ya mwili mzima.

Huigeukia kwa njia kadhaa. Iliyo wazi zaidi ni presha. Figo dhaifu hushindwa kutoa chumvi, chumvi huvuta maji, na mishipa hujaa. Wakati huohuo vile vichujio vinavyokosa damu ya kutosha huamsha homoni zinazobana mishipa, kana kwamba mwili umepungukiwa maji. Presha inapanda kwa sababu mbili kwa pamoja, ndiyo maana mgonjwa wa figo huhitaji dawa mbili au tatu za presha pale ambapo jirani yake anatosheka na moja. Tusimlaumu kwamba hamezi dawa kabla hatujampima figo.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Ndani ya kila mshipa kuna utando laini sana unaotoa gesi ya nitriki oksidi, na gesi hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee damu ipite kwa urahisi. Figo zikidhoofika, taka zinazobaki kwenye damu huzuia utengenezaji wa gesi hiyo. Utando unakuwa kama ngozi iliyochubuka: mafuta yananata, damu inaganda kirahisi, mshipa haulegei unapotakiwa kulegea.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, nami nitakaa hapo kidogo.

Mkazi wa Dodoma anajua birika la maji ya kisima linavyokuwa baada ya miezi michache: ukoko mweupe, mgumu, ambao hata steelwire inautoa kwa shida. Kitu kinachofanana na hicho hutokea kwenye kuta za mishipa ya mgonjwa wa figo. Figo nzima hutoa fosfeti inayotokana na chakula, na huikamilisha vitamini D iweze kufanya kazi. Zinapochoka, fosfeti hupanda, vitamini D hupungua, na tezi nne ndogo zilizo shingoni huanza kutoa homoni inayonyofoa kalsiamu kwenye mifupa. Mifupa inadhoofika huku madini yakihamia kwenye mishipa. Na hayatuami tu kama ukoko wa birika. Chembe za misuli zilizomo kwenye ukuta wa mshipa hubadili kazi, zikaanza kutenda kama chembe zinazojenga mfupa. Mshipa unageuka mfupa ukiwa ndani ya mwili wa mtu anayetembea.

Hapo wengi huniuliza kama basi maji yetu magumu ndiyo yanayoleta hali hiyo. Hapana. Chokaa ya kwenye birika nimeitumia kama mfano tu. Ugumu huu wa mishipa unatokana na mwili kushindwa kupanga madini yake, na mtu anayekunywa maji ya chupa miaka yote anaweza kuupata vilevile.

Mshipa uliokakamaa una hasara gani? Angalia mpira wa kumwagilia zabibu kule Hombolo. Ukiwa mpya, pampu ikisukuma mpira unatanuka kidogo, na maji hufika mwisho yakiwa yametulia. Ukikaa juani misimu kadhaa unakauka, na kila msukumo wa pampu unafika mwisho na nguvu yake yote, ukipasua viungo. Mshipa mkubwa wa damu uliokakamaa huufikisha msukumo wa moyo moja kwa moja kwenye ubongo na kwenye vile vichujio vya figo vilivyokwisha kuchoka. Moyo nao, kwa kusukuma dhidi ya bomba gumu, hunenepa kuta zake, na upungufu wa damu unaoletwa na figo huuongezea moyo huo mzigo. Kwenye kipimo cha presha, dalili mojawapo ni namba ya juu kuwa kubwa na ya chini kubaki ndogo, mfano 170 kwa 70. Ukiona hivyo kwa mzazi wako usifurahi kwamba "ya chini iko sawa".

Uhusiano huu una historia ndefu. Mwaka 1836 Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's huko London, alieleza kwamba wagonjwa wake wenye figo mbovu walikutwa na mioyo iliyonenepa ingawa vali za moyo hazikuwa na kasoro. Alikuwa akiwatambua kwa kupasha mkojo moto kwenye kijiko juu ya mshumaa: wenye protini uliganda mweupe, kama ute wa yai kaangoni.

Leo hatuhitaji mshumaa. Kijiti cha mkojo kinatoa jibu ndani ya dakika chache, na hapa nasema kwa msisitizo: mtu yeyote mwenye presha au sukari anapaswa kupimwa mkojo na kreatinini ya damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, angalau mara moja kwa mwaka. Protini inayovuja kwenye mkojo inatuambia vichujio vimetoboka, na mara nyingi inatuambia pia kwamba utando wa mishipa mahali pengine mwilini umeumia. Inaweza kuonekana miaka mingi kabla ya miguu kuvimba. Kreatinini hutumika kukadiria kasi ya kuchuja. Kasi hiyo ikibaki chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, au protini ikiendelea kuvuja kwa muda huo, tunauita ugonjwa sugu. Kasi ikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa. Tangu 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imekuwa ikipandikiza figo, na tunashukuru, lakini mishipa ikishageuka mifupa hata upandikizaji unakuwa mgumu.

Nyumbani, anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Kwetu kuna chumvi isiyohesabiwa: magadi. Mlenda ni mboga nzuri na sitamwambia Mgogo aache mlenda, lakini magadi yanayoulainisha ni sodiamu, sawa na ile ya kwenye chumvi. Pika bila magadi, au weka kidogo mno na uache chumvi kabisa kwenye chungu hicho. Soda nyeusi za kola zina fosfeti ya kuongezwa kiwandani, na hiyo huingia kwenye damu kwa urahisi kuliko ile iliyo ndani ya maharage. Ubuyu na zabibu kavu zina potasiamu nyingi. Aliye katika hatua za mwanzo hana haja ya kuviogopa, ila aliye hatua za mwisho aulize kwanza.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mkulima anayemeza kila jioni baada ya jembe anajiumiza bila kujua. Kinyume chake, dawa kama losatani na kaptopuli hushusha presha ndani ya kichujio chenyewe, hivyo usiziache kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Damu ipimwe wiki moja hadi mbili baada ya kuzianza, na mjamzito asizitumie.

Jambo la mwisho wengi hawaambiwi hadi wamechelewa. Mtu akihitaji mashine siku moja, madaktari huunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) mkononi ili vena ikomae, kazi inayochukua wiki kadhaa au miezi. Vena iliyotobolewa mara nyingi kwa dripu huharibika. Ukishaambiwa figo zako zimepungua nguvu, uchague mkono usioutumia sana, na kila utakapoenda kutolewa damu au kuwekewa dripu umwambie mhudumu mapema: "Mkono huu una kazi yake, naomba utumie mgongo wa kiganja cha ule mwingine."