Karata moja ghali haitaiokoa deki yako

Nimeulizwa tena wiki hii, hapa hapa Mji Mkongwe, swali ambalo sasa linanichosha masikio: "Kaka, fedha zangu ni kidogo, ninunue karata gani moja kubwa ili deki yangu ipate nguvu?" Muulizaji alikuwa kijana wa skuli mwenye adabu zake, kwa hiyo nilimjibu taratibu. Humu nitajibu kwa ukali kidogo, kwa sababu nyuma yake wamesimama wengi wenye imani hiyo hiyo, na baadhi yao ni watu wazima wenye mishahara.

Ninazungumzia Magic: The Gathering, mchezo alioubuni Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993, katika muundo wa deki ya karata 60, yaani fungu ambalo kila mchezaji hujipangia mwenyewe, ambamo karata yoyote haizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi, yaani karata zinazotoa mana, ile nguvu ya rangi fulani ya kulipia karata nyingine. Karata iliyomo nakala moja tu huonekana katika mkono wa kwanza wa karata 7 kwa uwezekano wa asilimia 12 hivi. Ukianza wewe kucheza, mpaka zamu yako ya nne utakuwa umeona karata 10, yaani sehemu moja katika sita ya deki nzima. Kwa hiyo katika michezo mitano kati ya sita, karata uliyojinyima chakula cha mchana ili uinunue itakuwa bado imelala ndani ya deki wakati mambo yanakaribia kuamuliwa. Karata nafuu iliyomo nakala 4 hufika katika mkono wa kwanza kwa asilimia 40. Mwenye fedha chache anunue uthabiti, yaani deki inayofanya jambo lile lile kila inapochezwa, na kwa bahati njema uthabiti ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mchezo huu.

Nadhani ninajua imani hii imetoka wapi. Tumelelewa na karata za barazani, ambazo aghalabu hugawiwa mpaka zikaisha, na hivyo ree ya turufu lazima iwe mkononi mwa mtu fulani na lazima ishuke kabla ya mchezo kwisha. Aliyezoea hivyo hupima thamani ya karata kwa kuiangalia usoni. Katika mchezo huu sehemu kubwa ya deki yako hutaiona kabisa, kwa hiyo thamani ya karata ni nguvu yake ikizidishwa kwa uwezekano wa kuipata, kisha ikizidishwa tena kwa uwezekano wa kuilipia. Hilo la tatu husahauliwa hata na wale waliokwisha kuyakubali mawili ya mwanzo, na ndilo linalonikera zaidi.

Kuhusu bei nitapita haraka. Bei hufuata uadimu na idadi ya wanaoitafuta karata, na nguvu ni sababu mojawapo tu. Lightning Bolt, iliyotoka mwaka 1993 katika daraja la karata za kawaida, yaani zisizo adimu, hulipiwa mana moja nyekundu na kumtoa mpinzani uhai 3 kati ya 20 alioanza nao. Wood Elemental ya mwaka 1994 ni karata adimu, hulipiwa mana nne, na hukutaka utoe kafara ardhi zako mwenyewe za misitu ili nayo ipate mwili wa kusimamia. Anayenunua pakiti zilizofungwa kwa matumaini ya kuchomoa karata adimu ananunua bahati nasibu. Nunua karata mojamoja kwa jina lake, na hapo sina la kuongeza.

Turudi kwenye kulipia. Watu huona deki ya rangi mbili au tatu iliyoshinda mashindano, huinakili kutoka kwenye intaneti, kisha huondoa zile ardhi zinazotoa rangi mbili kwa kuwa ni ghali na kuweka ardhi za msingi mahali pake, wakiamini kwamba wamepunguza mapambo. Chukua deki yenye ardhi 20, ambazo 10 ni Mountain, za mana nyekundu, na 10 ni Island, za buluu. Uwezekano wa mkono wa kwanza kukosa Mountain kabisa ni asilimia 26 hivi, na uwezekano wa kukosa angalau rangi moja kati ya hizo mbili ni karibu asilimia 47. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya michezo unaianza ukiwa huna ardhi ya kulipia sehemu ya karata zako. Deki hiyo ikiwa ya rangi moja, yenye Mountain 20, hukosa ardhi katika mkono wa kwanza kwa asilimia 5 tu, na ardhi za msingi bei yake ni ndogo mno. Mwenye mkusanyiko mkubwa mara nyingi atakupa bure. Kununua karata kubwa ya rangi ya pili kabla ya ardhi za kuilipia ni kununua zafarani ya biriani na mchele huna.

Hapo huambiwa kwamba rangi moja basi ni ya maskini. Itazame Fireblast ya mwaka 1997, nayo ni karata ya kawaida. Bei yake iliyoandikwa ni mana sita, lakini unaruhusiwa kutoa kafara Mountain mbili badala ya kulipa, na mpinzani hupoteza uhai 4. Deki ya rangi tatu iliyojaa ardhi za gharama mara nyingi haina Mountain za kutosha kufanya hivyo, wakati deki yako ya nyekundu tupu haina kitu kingine. Ongeza nakala nne nne za Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike na Rift Bolt, na utakuwa na karata 16 ambazo kila moja hutoa uhai 3, na saba kati ya hizo zinatosha kummaliza mtu. Deki nafuu iliyo nzuri hupangwa tangu mwanzo kwa kufuata jambo ambalo karata nafuu hulifanya vizuri. Karata hizo nyekundu zote zinakubalika katika Pauper, yaani "fukara", muundo uliotambuliwa rasmi kwa mashindano ya karata za mkononi mwaka 2019, ambao huruhusu tu karata zilizowahi kutolewa katika daraja la kawaida. Hata humo, karata iliyochapwa mara chache hupanda bei, kwa hiyo jina la muundo lisikulaze usingizi.

Karata za kumeta ziache. Tabaka lake la metali halinyonyi unyevu kama karatasi inavyonyonya, na kwa hewa ya Unguja wakati wa masika zitapinda tu. Karata iliyopinda hutambulika ndani ya deki hata ikiwa imelala kifudifudi, na mwamuzi ana haki ya kuihesabu kuwa karata yenye alama.

Mashaka yangu pia ninayo. Asilimia nilizozitoa hazihesabu kuukataa mkono na kuvuta mwingine, na huchukulia kwamba karata zimechanganywa sawasawa, ilhali ninakaa na watu wanaochanganya mara mbili kisha wakailaumu deki. Kwa deki nyekundu ya haraka mimi huteremka hadi ardhi 18, na sina hakika kama ninapata faida au nimeshikwa na mazoea. Zito zaidi ni kwamba deki ya namna hii hutabirika. Katika kundi dogo kama letu, ambamo unakutana na nyuso zile zile, mpinzani akishakujua hujiwekea karata za kujiongezea uhai, na uthabiti niliousifu hugeuka kuwa udhaifu. Karata 15 za akiba, zile unazobadilisha kati ya mchezo na mchezo, husaidia kwa kiasi: Pyroblast dhidi ya wenye buluu, Smash to Smithereens dhidi ya wenye vyombo, yaani karata za aina ya artifact. Dhidi ya anayejiongezea uhai hata hizo hazifui dafu, na hapo ndipo rangi ya pili inapoanza kustahili fedha zako, kwa sharti kwamba ardhi zake uzinunue kwanza.