Diski Yako Si Mbovu: Picha Zinazoganda Ndani ya A Star Is Born ya 1954

Kila ninapomwazima mtu Blu-ray yangu ya A Star Is Born, ile ya mwaka 1954 ya Judy Garland na James Mason, najua simu itapigwa kabla usiku haujaisha. "Bwana, diski yako ina tatizo. Sauti inaendelea lakini picha imeganda." Namwambia aweke rimoti chini na aendelee kutazama. Diski ni nzima. Amefika tu mahali ambapo sehemu ya filamu haipo tena, na walioirejesha filamu hiyo waliamua kutomficha mtazamaji kitu.

Mimi kazi yangu ni kuhamisha filamu na kanda za zamani kwenda dijitali, kwa hiyo upendeleo wangu niuseme mapema: urejeshaji huu, pamoja na mashimo yake, naupenda kuliko mingi iliyong'arishwa ikawaka. Watu wengi hawajui picha zile zilitoka wapi, wala kwa nini sauti ilibaki na picha ikapotea. Hayo ndiyo nataka kuyaeleza.

Hadithi yenyewe vijana wanaijua kupitia toleo la 2018 la Lady Gaga. Ilianzia kwenye filamu ya 1937, na ya Garland ni ya pili. Esther Blodgett ni mwimbaji wa bendi. Anakutana na Norman Maine, nyota wa sinema anayezamishwa na pombe. Norman anamshika mkono kumwinua, wanaoana, halafu mke anapanda na mume anashuka. Garland alikuwa ameachana na studio ya MGM mwaka 1950, kwa hiyo hii ilikuwa filamu ya kumrudisha. Aliyeizalisha ni mumewe, Sid Luft, chini ya studio ya Warner Bros. Mwongozaji alikuwa George Cukor, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ya muziki. Nyimbo kubwa zilitungwa na Harold Arlen, maneno yakiwa ya Ira Gershwin.

Upigaji ulianza Oktoba 1953, mwezi mmoja tu baada ya studio ya Fox kuzindua CinemaScope. Warner walikuwa wameanza bila mfumo huo, wakaubadilikia kazi ikiwa imeshaanza, na vipande vilivyokwisha kupigwa ikabidi virudiwe. CinemaScope ni ujanja wa lenzi. Filamu ni ileile ya milimita 35, ila lenzi ya kamera inaibana picha kwa upana, kila mtu anaonekana mwembamba na mrefu. Kwenye ukumbi lenzi ya projekta inaitanua tena mara mbili. Matokeo yake ni picha ambayo upana wake ni mara 2.55 ya kimo chake. Sauti nayo ilikaa kwenye mistari minne ya sumaku iliyopakwa juu ya filamu yenyewe, ikitoka kushoto, katikati, kulia na nyuma ya watazamaji.

Mafundi wa mfumo huo walikuja na masharti yao. Usisogeze kamera sana, usikate kate picha, wapange waigizaji kwa mstari ili skrini ijae. Cukor hakuwasikiliza. Tazama dakika za mwanzo, onyesho la hisani kwenye ukumbi wa Shrine mjini Los Angeles: giza, taa zinazopiga moja kwa moja kwenye lenzi, wachezaji wanapita mbele ya kamera wakiziba nusu ya skrini, na Norman mlevi anayumba nyuma ya jukwaa kati ya farasi na wasichana wa dansi. Esther anamwona anaingia jukwaani katikati ya wimbo wake, anamvuta ndani ya dansi kana kwamba ilipangwa hivyo, na ukumbi unacheka na kupiga makofi. Sehemu kubwa ya skrini ni nyeusi. Kwenye kanda ya VHS weusi huo ulikuwa tope la kijivu, na ukiona tope unadhani mpiga picha alikosea taa.

Kisha kuna wimbo wa The Man That Got Away. Ni usiku wa manane, baa imefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, wanamuziki wanapiga kwa raha zao. Esther anaimba akitembea kati yao, na kamera inamfuata mwanzo hadi mwisho bila kukatwa hata mara moja. Gauni la bluu iliyoiva lenye ukosi mweupe, ukumbi wa kahawia na nyekundu hafifu, shaba ya tarumbeta inang'aa pembeni. Kazi ya kupanga rangi ilikuwa na mtu wake, George Hoyningen-Huene, mpiga picha wa mitindo, na hapa unaiona: hakuna kitu kwenye fremu kinachogombana na uso wa Garland.

Filamu ilizinduliwa tarehe 29 Septemba 1954 kwenye jumba la Pantages, Hollywood, ikiwa na dakika 181. Wahakiki waliipenda na watu walipanga foleni. Wenye majumba ya sinema ndio walionuna, na hesabu yao ilikuwa rahisi: filamu ya saa tatu inakupunguzia onyesho moja kwa siku. Wakuu wa Warner wakaamuru ipunguzwe. Ndani ya wiki chache ikawa dakika 154, na Cukor hakushirikishwa. Waliikata negativu yenyewe, filamu mama ambayo nakala zote huchapwa kutoka kwake, ndiyo maana nasema haya yalikuwa maafa. Ukikata nakala, mama yake bado yupo ghalani. Ukikata mama na kutupa vipande, umemaliza. Mwezi Machi mwaka uliofuata Garland alikosa tuzo ya Oscar, ikaenda kwa Grace Kelly, huku yeye akiwa hospitali amejifungua mtoto wa kiume na kamera za televisheni zimeshapangwa kumngojea atoe shukrani. Siwezi kusema mkasi ndio uliomkosesha. Filamu ilikuwa na uteuzi wa tuzo sita, haikupata hata moja.

Hasira yangu iko kwenye kile kilichokatwa. Katikati ya filamu kuna kipande kirefu cha nyimbo, Born in a Trunk, takriban robo saa, kilichoongezwa baada ya Cukor kumaliza kazi yake na kuongozwa na mtu mwingine. Kinapendeza, ila ukikitoa hadithi haipungukiwi chochote. Hicho kiliachwa. Walichokata ni mifupa ya hadithi: Norman anachukuliwa alfajiri kwenda kupigia filamu mbali na anashindwa kukumbuka Esther anakaa wapi; Esther, aliyeacha bendi kwa ahadi yake, anangoja simu isiyokuja, anahamia nyumba ya vyumba vya bei nafuu, anahudumia wateja kwenye magari yao kwenye mgahawa wa barabarani, anaimba sauti ya kikaragosi kwenye tangazo. Bila hayo Esther anaonekana binti aliyeokotwa na bahati. Ukiyarudisha, ni mwanamke aliyewekea mtu imani akala hasara, na bado akampokea alipomtafuta tena. Ndoa yao nzima imesimama juu ya jambo hilo.

Mfano mwingine ndio ninaoupenda zaidi. Esther, sasa nyota, yuko kwenye chumba chake cha kubadilishia nguo amevaa kama kijana muuza magazeti, amechorwa madoa madoa ya kahawia usoni. Mkuu wa studio anakuja kumuuliza hali ya Norman. Anaanza kujibu kwa utulivu, halafu anavunjika: anasema anampenda, na kuna nyakati anamchukia kwa kushindwa kuacha pombe, na anajichukia mwenyewe pia. Machozi yanapita juu ya yale madoa ya kuchora. Nakala fupi ilibakiza kilio hicho ikakata wimbo uliokizunguka, Lose That Long Face, wimbo wa kuwaambia watu waache kununa. Katika nakala ndefu tunauona mwanzo wake, kisha kilio, kisha anaitwa, anarekebishwa uso, anarudi mbele ya kamera na kumalizia wimbo uleule kwa tabasamu lilelile. Mtu aliyekata wimbo huo alidhani anapunguza burudani, kumbe ameondoa maana ya tukio zima. Madoa yale usoni yalibaki bila sababu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ronald Haver, aliyesimamia vipindi vya filamu kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Los Angeles, alipata ruhusa ya kupekua maghala ya Warner. Alichokipata kwanza ni sauti: ukanda kamili wa filamu ndefu, wa mono (sauti ya njia moja), kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, lakini kwetu mafundi si ajabu. Sauti na picha huishi maisha tofauti tangu siku ya kupigwa. Zinarekodiwa kwenye vitu tofauti, zinahaririwa sambamba, zinahifadhiwa kwenye mikebe tofauti, mara nyingi kwenye majengo tofauti, na zinakutana tu wakati wa kuchapa nakala. Aliyeamuru picha itupwe hakuwa na habari na mkebe wa sauti.

Baada ya hapo Haver akajua urefu wa kila shimo kwa sekunde, akaanza kuyajaza. Baadhi ya picha zilipatikana, pamoja na nyimbo zilizokuwa zimekatwa, Lose That Long Face ikiwemo. Pale ambapo picha haikuonekana kabisa, alitumia picha za mnato, yaani picha za kawaida zisizotembea. Kila studio ilikuwa na mpiga picha wa mnato aliyesimama karibu na kamera kubwa, kwa ajili ya magazeti na mabango. Haver alizipanga chini ya sauti ileile ya waigizaji, kamera ikizipitia polepole. Hizo ndizo picha zinazokufanya unipigie simu usiku.

Toleo lake la dakika 176 lilionyeshwa Radio City Music Hall, New York, tarehe 7 Julai 1983. James Mason alikuwepo, na mabinti wa Garland, Liza Minnelli na Lorna Luft. Garland mwenyewe alikuwa amefariki 1969. Cukor alifariki Januari ileile ya 1983, kabla hajaiona.

Nyumbani, hata hivyo, kwa miaka mingi tuliona nusu tu, na nusu hiyo si usemi. Televisheni za zamani upana wao ulikuwa mara 1.33 ya kimo. Ukijaza skrini ya namna hiyo kwa picha ya 2.55, unaweza kuonyesha asilimia 52 tu ya kila fremu. Iliyobaki inaanguka nje. Fundi alikuwa anakaa kwenye mashine akichagua nani aonekane, Garland au Mason, na wakiwa pembe mbili za skrini mmoja anakuwa sauti isiyo na mwili. Kwa Cukor, anayependa kuweka watu mbali mbali na kuacha nafasi tupu iseme kitu, huo ulikuwa mkato wa pili.

Blu-ray iliyotoka 2010 ilitokana na skani mpya. Matatizo ya filamu za rangi za miaka hiyo nayafahamu kwa mikono yangu. Rangi ziko kwenye tabaka tatu na hazififii kwa kasi moja, ndiyo maana nakala nyingi za zamani zimebaki na wekundu wa waridi tu. Plastiki ya asetati nayo huoza na kutoa harufu ya siki, na nakala zenye mistari ya sumaku huoza haraka zaidi, kwa kuwa chuma kilichomo kwenye sumaku huchochea uozo. Fungua mkebe wa nakala kama hiyo uone jinsi macho yanavyowasha. Kwenye kompyuta mafundi wanaweza kupandisha tabaka lililofifia bila kugusa mengine, kazi ambayo kwenye maabara ya kemikali ilikuwa ndoto. Kwenye diski hii weusi wa Shrine umerudi kuwa weusi, na punje za filamu, vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha, zimeachwa zionekane. Ukiona uso wa mwigizaji wa 1954 laini kama plastiki kwenye diski nyingine yoyote, jua kuna mtu aliyefuta punje akafuta na ngozi.

Siku hizi naulizwa: kwa nini wasitumie akili mnemba kuzifanya zile picha za mnato zitembee? Tumeona 2025 jinsi The Wizard of Oz, filamu ya Garland ya 1939, ilivyotanuliwa kwa teknolojia hiyo ili ijaze ukumbi wa Sphere huko Las Vegas. Kitaalamu inawezekana. Ila picha hiyo itakuwa ya nani? Garland hakuinua mkono vile, Cukor hakuchagua pembe ile. Ya Haver ni ya kweli pande zote mbili: sauti ni ya siku ile, picha ni ya siku ile, na kilichokosekana unakiona kwamba kimekosekana. Nakiri dakika zile zina uzito wake. Mara ya kwanza zinachosha. Mara ya pili unaanza kusikiliza, na Garland kwa sauti peke yake anaigiza kuliko wengi wakiwa na mwili mzima.

Ukiipata, fanya haya. Kwenye menyu ya televisheni yako zima ile mipangilio ya kulainisha mwendo, maana filamu hii ni fremu 24 kwa sekunde na ikilainishwa inageuka tamthilia ya mchana. Usibonyeze zoom kuondoa mistari myeusi juu na chini. Kwenye skrini ya 16:9 picha inachukua takriban asilimia 70 ya kimo, na ndivyo inavyotakiwa. Zima taa za sebuleni kabla ya tukio la Shrine. Halafu usiiache diski bila kupitia ziada zake: kuna The Man That Got Away ilivyopigwa mara nyingine, Garland akiwa na nguo tofauti na ukumbi una rangi tofauti. Zitazame kwa mpangilio na utaona anavyopunguza mikono kila mara, hadi ile ya gauni la bluu.